Jina Moja, Kazi Mbalimbali: Hotuba juu ya Miili ya Wanyama



Tumepewa nafasi jioni hii tuseme maneno machache juu ya miili ya wanyama, yaani jinsi viungo vyao vilivyoundwa na jinsi vifanyavyo kazi, tukimlinganisha mnyama na mnyama mwenzake. Twajua ya kuwa wengi wetu tuliomo humu ni watu wa kalamu na majalada, wala si watu wa kisu na mizoga. Lakini ni wachache miongoni mwetu wasio na kuku uani, au mbuzi kwa wazee, au ng'ombe wawili watatu walioachwa mikononi mwa ndugu. Na kila mwisho wa mwezi fungu la mshahara huenda huko kununua dawa na chakula. Basi habari hii yatuhusu. Na katika habari yote hii liko neno moja tupendalo kulitia nguvu: viungo viwili kuitwa kwa jina moja si dalili kwamba vina tabia moja, na mwenye kumhukumu mnyama mmoja kwa mwili wa mwingine aweza kumwua hali adhani kwamba anamponya.

Kwanza haki ya mfanano itolewe, maana mfanano upo na ni mkubwa. Mtu ana mifupa saba ya shingo. Panya anayo saba. Twiga naye, pamoja na urefu wake wote, anayo saba. Tofauti ni kwamba kila mfupa wake ni mrefu kupita kiasi. Kile tukiitacho goti la mbele la punda, kwa kweli ni kifundo cha mkono wake, na kile kinachopinda kwa nyuma katika mguu wake wa nyuma ni kisigino chake. Punda, basi, husimama juu ya ncha ya kidole kimoja cha kati, na kwato ni ukucha wa kidole hicho. Nanyi mtakapokula bawa la kuku, msilitupe upesi: tazameni, mtaona mfupa mmoja wa juu, kisha miwili iliyolala sambamba, kisha vifupa vidogo vilivyoshikamana mahali pa kiganja, sawasawa na mkono ulioshika bawa hilo.

Mfanano huu ndio uliowadanganya wakubwa wa elimu kwa muda wa miaka elfu na zaidi. Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinusi, alizaliwa Pergamo mwaka 129 baada ya Kristo, akawa mganga mwenye sifa kuu huko Rumi. Katika zama zake haikuwa desturi kupasua maiti ya mwanadamu, kwa hiyo akapasua nyani, nguruwe na ng'ombe, akaandika juu ya mtu yale aliyoyaona katika wanyama hao. Chini ya ubongo wa ng'ombe na wa kondoo aliona wavu wa mishipa myembamba ya damu, uliofumwa kwa namna ya ajabu, akafundisha kwamba katika wavu huo ndimo roho ya uhai inamotakaswa kabla ya kuingia katika ubongo wa mtu. Vile vile alifundisha ya kuwa taya la chini la mtu ni mifupa miwili.

Mambo hayo yakasomwa, yakanakiliwa, yakafasiriwa kwa Kiarabu na kwa Kilatini, na kila mwenye kunakili akamwamini aliyemtangulia. (Sisi tuliozoea kunakili tutawahurumia.) Ikawa mwanzoni mwa karne ya 13 njaa kubwa ilipoingia Misri, mganga mmoja wa Baghdad, Abdul-Latif, akapata kuyatazama mafuvu mengi mno ya watu waliokufa, akaona kwa macho yake kwamba taya la chini ni mfupa mmoja usio na kiungo. Akaandika ya kuwa ushahidi wa macho una nguvu kuliko neno la Galen. Na ule wavu wa mishipa ukakaa vitabuni hata mwaka 1543, Andreas Vesalius, mwalimu wa Padua, alipotoa kitabu chake kikubwa na kusema kwamba mwanadamu hana wavu wa namna ile. Yeye mwenyewe hapo kwanza alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wavu huo kwa kutumia kichwa cha mnyama, kwa kuwa katika kichwa cha mtu haukuonekana.

Lakini wavu wenyewe si kitu cha bure, na hapa ndipo elimu ya kulinganisha inapoonyesha faida yake. Swala akifukuzwa na duma mwili wake hupata joto jingi mno. Mwaka 1972 wataalamu Taylor na Lyman walionyesha kwamba swala akimbiapo mbio, ubongo wake hukaa karibu nyuzi 3 chini ya joto la damu itokayo moyoni. Sababu ni wavu ule ule. Damu ya moto yapita katika mishipa yake myembamba, nayo yazungukwa na damu iliyopoa puani kwa pumzi. Basi damu hupozwa kabla ya kufika kwenye ubongo. Mtu hana chombo hicho. Yeye hutegemea jasho la mwili mzima. Kitu alichokidhania Galen kuwa kiti cha roho ya mwanadamu kumbe kilikuwa chombo cha kumpoza mbuzi na swala.

Sasa na tuje tumboni, mahali ambapo mfugaji hupata hasara nyingi zaidi.

Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Cha kwanza ni kikubwa ajabu, nacho kimelala upande wa kushoto. Katika ng'ombe mkubwa chaweza kuchukua lita 150, yaani kadiri ya madebe manane. Humo hamna tindikali ya kumeng'enya chakula. Mna maji, majani na vijidudu visivyohesabika, nao ndio wafanyao kazi ambayo ng'ombe mwenyewe haiwezi, ya kuvunja nyuzi za nyasi. Ng'ombe hula upesi, akaenda kulala kivulini, akacheua. Hutafuna tena kwa muda wa saa nyingi kila siku, na mate yake kwa siku moja hupita lita 100, nayo mate hayo ndiyo yazuiayo uchachu usizidi tumboni. Chumba cha pili kina utando kama sega la nyuki, cha tatu kina karatasi nyingi kama kitabu, na cha nne peke yake ndicho kifananacho na tumbo letu. Mwisho wa yote ng'ombe huwameng'enya hata wale vijidudu waliomtumikia. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba ng'ombe hali nyasi. Hulisha vijidudu kwa nyasi, kisha akawala wao.

Ndama anyonyaye ni mbali. Anapovuta maziwa, mfereji mdogo hujifunga tumboni mwake na kuyapeleka maziwa moja kwa moja hata chumba cha nne, yasipite katika kile cha kwanza. Kwa siku zile za mwanzo mwana huyo wa ng'ombe hulishwa kama mtoto wa mtu, na mwenye kumlazimisha nyasi mapema kana kwamba ni ng'ombe mzima humdhulumu.

Punda anakula nyasi zile zile kando ya ng'ombe, na kwa hiyo watu wengi hudhani ndani yake ni ng'ombe mwenye masikio marefu. Sivyo. Tumbo lake ni moja, tena dogo. Vijidudu vyake havikai mbele bali nyuma, katika kifuko kikubwa cha utumbo kilichoko upande wa kulia na katika utumbo mpana unaokifuata. Nyasi humfikia punda mahali pa kuvunjwa baada ya kupita tumbo na utumbo mwembamba, kwa hiyo faida nyingine humponyoka. Mwenye shaka na atazame samadi: ya ng'ombe ni laini, ya punda ina nyuzi za majani zionekanazo kwa macho. Lakini hasara hiyo ina fidia yake. Chakula chapita upesi ndani ya punda, hana haja ya kungoja kicheuliwe. Akiwa na muda wa kutosha wa kula huweza kuishi juu ya nyasi kavu zilizo duni, mahali ambapo ng'ombe angekonda.

Tofauti hii si ya kitabuni tu. Ng'ombe aliyekula majani mabichi yenye unyevu kwa pupa aweza kujaa hewa. Ubavu wa kushoto huvimba kama ngoma, na hewa isipotoka kwa kinywa hulibana pafu akafa kwa muda mfupi. Daktari wa wanyama, katika hatari kama hiyo, humtoboa ubavu wa kushoto kwa chombo chake na hewa ikatoka kwa kishindo. Mtu aliyeona jambo hilo mara moja, akajaribu kumfanyia punda mwenye maumivu ya tumbo upande ule ule, hataikuta hewa aitafutayo, atatoboa matumbo. Tena punda na farasi hawawezi kutapika, kwa kuwa mlango wa juu wa tumbo lao hufungwa kwa nguvu nyingi mno. Kwa hiyo chakula kibaya kikisha ingia hakina njia ya kurudi. Wala hawana kifuko cha nyongo. Mchinjaji aliyezoea kukitafuta kwa uangalifu katika ini la mbuzi, asije akakipasua na kuharibu nyama, katika farasi asingekiona kabisa.

Kuku tumtaje kwa haraka, ingawa yeye ndiye tuliye naye karibu. Hana meno, hutia chakula katika gole, kisha firigisi husaga kwa msaada wa vijiwe alivyomeza, ndiyo maana kuku wa kufungiwa asiyepata mchanga wala changarawe hunufaika kidogo kwa nafaka nzima. Pafu lake halipanuki kama letu. Hewa huvutwa na vifuko vya hewa vilivyotawanyika mwilini, ikapita pafuni kwa njia moja isiyorudi nyuma. Naye hana kiwambo kile kitenganishacho kifua na tumbo, bali huvuta pumzi kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari. Ndipo watoto wakamatapo kifaranga kwa upendo na kumbana kidari, kifaranga hufa mkononi bila ya jeraha, na pua yake i wazi.

Jambo moja la kuku lataka tukae nalo zaidi. Sote tumeona kwamba kinyesi cha kuku kina sehemu nyeupe kama chokaa. Huo weupe ndio mkojo wake. Mtu na ng'ombe hutoa taka ya damu kwa kuiyeyusha katika maji mengi; ndege huitoa ikiwa asidi ya uriki, kitu kisichoyeyuka kwa urahisi, na kwa hiyo huhifadhi maji. Ni uchumi mwema sana. Lakini figo ya ndege ikisimama kazi, chokaa ile hubaki mwilini na kuganda juu ya moyo na ini kama unga mweupe.

Haya yalijulikana zamani, lakini hakuna aliyeyakumbuka wakati dawa iitwayo diklofenaki ilipoanza kupewa ng'ombe huko Bara Hindi. Ni dawa ya maumivu na homa ya viungo. Wengi wetu tumepata kuandikiwa na daktari kwa ajili ya mgongo au magoti. Ng'ombe naye huistahimili. Katika miaka ya 1990 watu wa India, Pakistani na Nepali wakaona kwamba tumbusi, ndio wale tai walao mizoga, wanapungua kwa kasi ya kutisha. Aina moja iliyokuwa nyingi kupita zote, yule mwenye mgongo mweupe, ilipungua katika India zaidi ya 99 kwa kila mia kati ya mwaka 1992 na 2007. Wengine walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Mizoga ya ng'ombe ikaoza mashambani, na mbwa wasio na mwenyewe wakazidi kuongezeka.

Mwaka 2004 Lindsay Oaks na wenzake walitangaza sababu waliyoigundua Pakistani. Tumbusi waliokufa walikutwa na chokaa ile juu ya viungo vyao, na katika figo zao ilikutwa diklofenaki. Ng'ombe mgonjwa alipewa dawa, akafa kwa ugonjwa wake, akachunwa ngozi, nyama ikaachwa kama ilivyo desturi. Tumbusi wakala, na figo zao zikasimama. Dawa iliyo rehema kwa mtu mwenye magoti mabovu, na isiyomdhuru ng'ombe, kwa ndege hao ilikuwa sumu. Mwaka 2006 serikali za nchi hizo tatu zilianza kuikataza kwa wanyama, na katika mwaka huo huo dawa nyingine ya maumivu, meloksikamu, ilionyeshwa kwamba haiwadhuru tumbusi.

Twaomba msikilize na sehemu ya pili, kwa kuwa ndiyo yenye fundisho zaidi. Tumbusi wa Afrika mwenye mgongo mweupe, tumwonaye Serengeti na Masai Mara akizunguka juu ya mzoga, alipimwa, naye akakutwa kuwa hawezi kuihimili dawa hiyo, kama nduguze wa Bara Hindi. Lakini yule wa Marekani mwenye kichwa chekundu, alaye mizoga vile vile, mwenye upara vile vile, alipopewa kipimo kikubwa mara nyingi kuliko hicho hakupata madhara. Sura ya nje moja, kazi moja, chakula kimoja. Figo na ini mbali.

Liko na kosa la tatu, nalo ni kosa la hesabu, kwa hiyo twadhani litawapendeza wenzetu wa idara za fedha. Mtu hufikiri: ikiwa mnyama wa kilo moja hupewa kadiri hii, basi wa kilo elfu apewe mara elfu. Mwezi wa Agosti mwaka 1962, katika bustani ya wanyama ya Oklahoma City huko Marekani, wataalamu walitaka kujua kama dawa ya kupumbaza akili iitwayo LSD ingemtia tembo dume wazimu ule umpatao kwa majira. Tembo huyo aliitwa Tusko, na uzito wake ulikuwa kadiri ya tani 3. Walichukua kipimo kilichokwisha kutumika kwa paka, miligramu sehemu ya kumi kwa kila kilo, wakazidisha kwa kilo za tembo, wakapata miligramu 297, wakamchoma. Baada ya dakika tano alianguka, na katika muda usiotimia saa mbili alikuwa amekufa. Katika kumwokoa walimpa na dawa nyingine, na wako wasemao kwamba hizo nazo zilisaidia kumwua. Lakini hesabu ya kwanza yatosha kutushangaza.

Mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen aliirudia hesabu hiyo baadaye. Mtu mwenye kilo 70 hulewa kwa miligramu 0.2 za dawa hiyo. Tembo yule ni sawa na watu 42 kwa uzito; basi kwa hesabu ya uzito wa mtu angepata miligramu 8 hivi. Lakini hata hiyo si hesabu ya haki, kwa kuwa mwili mkubwa hauunguzi chakula kwa kadiri ya uzito wake. Mwaka 1932 Max Kleiber alionyesha ya kuwa moto wa mwili hupanda polepole kuliko uzito. Mwenye kupenda kujaribu na achukue 42, atafute kipeuo chake cha pili, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo, apate 2.55 hivi, azidishe namba hiyo mara tatu kwa yenyewe, yaani 2.55 kwa 2.55 kwa 2.55. Atapata kama 16.5. Tembo basi, aliye sawa na watu 42 kwa mizani, kwa moto wa mwili ni sawa na watu 16 na nusu tu, na kipimo chake kingekuwa kama miligramu 3. Alipewa karibu mara mia.

Jambo hilo mtu aweza kulisikia kwa kidole. Moyo wa panya mdogo hupiga kama mara 600 kwa dakika, wa kuku hufika 300, wetu 70, wa tembo kama 30. Kilo moja ya panya ni jiko linalowaka sana. Kilo moja ya tembo ni kaa lililofunikwa majivu.

Kwa hiyo twatoa maonyo matatu kwa wenye mifugo. Parasetamoli, ambayo haikosekani katika nyumba zetu, asipewe paka hata kipande. Ini lake halina njia ya kuifunga na kuitoa dawa hiyo kama ini la mtu, na kidonge kimoja chaweza kumwua. Pili, chakula cha kuku au cha ng'ombe kilichotiwa monensini kisiachwe mahali punda au farasi apatapo kukila. Dawa hiyo huwakinga kuku na ugonjwa wa kuhara damu, bali huuharibu moyo wa farasi kwa kadiri ambayo kuku asingeihisi. Tatu, dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe iitwayo amitrazi isitumike kwa farasi, kwa maana husimamisha mwendo wa matumbo yake. Na kwa kila mnyama asiyetajwa katika karatasi ya chupa, heri kumwuliza Bwana Mifugo kwanza.

Tumeambiwa tuliache fungu la mwisho la saa kwa maswali. Lililoulizwa kwanza lilitoka kwa mwanachama mmoja wa nyuma, na kwa kuwa ni zuri tumeona liandikwe hapa pamoja na jibu lake. Aliuliza: ikiwa kichwa cha twiga ki juu namna ile, moyo wake husukumaje damu hata ikafika, na anapoinama kunywa maji mbona damu haimpasui ubongo?

Tulijibu hivi. Moyo wa twiga una kuta nene, na nguvu ya damu itokapo humo ni kama mara mbili ya yetu. Mtu akiwa na nguvu hiyo daktari angemlaza hospitali siku hiyo hiyo, lakini kwa twiga ndiyo afya. Miguuni, ambako damu ingeteremka na kuvimbisha, ngozi yake ni ngumu na imekazwa kama soksi. Katika mshipa mkubwa wa shingo urudishao damu moyoni mna vilango vinavyoizuia isirudi kichwani ainamapo. Na kabla ya damu iendayo juu kufika kwenye ubongo, yapita katika wavu wa mishipa myembamba, ule ule alioukuta Galen katika kichwa cha ng'ombe.